Alama Ndani ya Njuga

Mwaka ule ndio tuliokula mpunga wa mbegu. Anayetaka kuhesabu kwa kalenda ahesabu mwenyewe. Mimi nahesabu kwa chungu. Kuna mwaka tuliokula sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Kuna mwaka tuliokula muhogo uliochimbwa ukiwa bado mchanga, mwembamba kama kidole, mchungu mpaka unausikia masikioni. Lakini huu wa mbegu ni mwingine. Kwetu Kasongo mpunga wa mbegu haukai na mpunga wa kula. Unafungwa mafungu na masuke yake, unaning'inizwa juu ya moto, moshi unaupaka weusi ili mdudu asiuguse, na hata mtoto wa kutambaa anajua kwamba mkono hauendi kule juu. Mwaka ule niliweka kiti, nikapanda, nikaushusha mwenyewe, nikautwanga. Wajukuu wangu walikula wakitazama kule juu. Ule mchele ulikuwa na ladha ya dari.

Tulikula mbegu kwa sababu watu walikuja. Walitoka upande wa Wamaza na vijiji vya njia ya Salamabila, bunduki zilipoingia huko. Walikuja kwa miguu, wengine juu ya moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, watu wanne na godoro. Kila nyumba ilipokea. Kwangu walilala tisa, na wa kwangu ni saba, hesabu mikeka mwenyewe. Watu tuliwapokea, hilo sitaki mtu anidanganye kwamba hatukufanya. Shida ilikuwa ni vile walivyokuja navyo. Mtu akikimbia, anashika kile kinachotembea. Mbuzi. Kuku waliofungwa miguu, kichwa chini. Bata mmoja ndani ya kapu, kama sultani. Na mbwa.

Mbuzi wa mgeni hajui mpaka wa shamba. Wiki moja haikuisha, mtaa wetu ulikuwa umeshakuwa vita ya pili. Wenyeji wakipiga mbuzi, wageni wakilia. Mwanamke mmoja hapa jirani alimpiga mbuzi wa mgeni wake kwa mchi, jicho likatoka. Mgeni yule akalala chini ya paa la yule yule aliyemtoboa mbuzi jicho. Fikiri chakula cha jioni kilikuwaje.

Ndipo shefu, mkuu wa mtaa wetu, akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu bila kuombwa.

"Mama, lile lupango lako liko linakaa bure."

"Linakaa bure, lakini si la bure."

Akacheka. Lupango lenyewe alilijenga marehemu mume wangu zamani za biashara ya mchele, wakati malori yalikuwa bado yanafika. Ukuta wa matofali ya kuchoma, mrefu kupita kichwa cha mtu, na mlango wa bati wenye kufuli. Malori yaliacha kuja, barabara ikawa mfereji, mume wangu akafa, ukuta ukabaki.

"Tuweke wanyama wa wageni mule," shefu akasema. "Kila nyumba italeta majani. Itakuwa kazi ya watu wote."

"Kazi ya watu wote ni kazi ya nani asubuhi?"

"Mama, wewe ndiye unaogopewa hapa."

Hapo ndipo aliponikamata. Nilikubali kwa kiburi, sitaficha. Nilitaka watu wapite wakisema, yule bibi, kwake hata mbuzi wa mtu hapotei. Nikamwambia shefu mbele ya watu: hii nimepokea kama amana. Kitu cha amana hakiliwi, hakiuzwi, hakiazimishwi kwa harusi. Watu wote wakasema ndiyo, ndiyo mama. Majani waliyaleta siku kumi na moja. Ya kumi na mbili nilikwenda kuyakata mwenyewe.

Watoto wa mtaa waliliita lupango langu Hospitali ya Imbwa. Nikipita sokoni walikuwa wakiniuliza, "Bibi, mugonjwa ameamukaje?" Nikawajibu kwamba ameamka vizuri, ameuliza habari ya baba yenu.

Hospitali gani. Wiki ya kwanza niliua mbuzi sita. Mimi ni mke wa mfanyabiashara, mbuzi niliwajua kwenye sahani. Niliwapa maganda ya muhogo mabichi, yale ya muhogo mchungu, nikawaona wanakula kwa furaha, nikaenda kuswali. Nilirudi nikakuta povu. Wamelala na matumbo kama ngoma, miguu inakwangua hewa. Ndipo akaingia mwanamke mmoja mjane kutoka ng'ambo ya kijito, mkulima, mkristo, wa kabila la Wazimba, wenye mashamba ya zamani. Alikuwa akinisalimu tu njiani. Aliwatazama wale mbuzi, kisha akanitazama mimi.

"Yaya," akasema, maana alikuwa ananiita dada mkubwa, "unawapa sumu. Maganda yanaanikwa kwanza. Siku tatu, jua kali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mutu wa kuambiwa?"

Tangu siku hiyo tulikuwa wawili. Kama kuna kitu kizuri ndani ya habari hii ni huyu mwanamke, na ndiyo maana naandika mwisho wa habari yenyewe kwa mkono mzito.

Mbuzi, kuku na yule bata walikuwa wangu. Mbwa walikuwa wake. Mimi ni mwislamu wa mji huu, baba wa babu yangu aliswali hapa. Mbwa akikugusa na mate yake unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa osha mara saba kwa mbwa kumi na wanne, na maji ni ya kijitoni, kichwani. Kwa hiyo nilipika chakula chao, pumba za mpunga na vichwa vya samaki wakavu tulivyoomba sokoni, nikakisukuma kwa kijiti, na yeye akawatoa funza kwenye vidole, akawapaka majivu kwenye vidonda. Daktari wa wanyama alikuja mara moja. Alifungua mkoba wake, tukaona ndani. Kulikuwa na mkasi na koti lake la mvua.

Mbwa wa huku, wa wawindaji, hawabweki. Ni wekundu, mkia umekunjwa juu ya mgongo, kifua cheupe, na akitaka kusema kitu anatoa sauti kama mtu mwenye mafua anayejaribu kuimba. Kwa sababu hana sauti, mwindaji anamfunga njuga ya mti shingoni, akiingia porini asikike amefika wapi. Hilo nililijua, kila mtu analijua. Lingine sikulijua mpaka alipokuja yule mzee.

Alikuwa mwindaji wa upande wa Wamaza, mwembamba, ana kovu kwenye sikio. Alikuja na mbwa jike mmoja, mwekundu kama wengine wote, na kazi yake ilikuwa moja tu: kurudi alikotoka kumtafuta mke wake, aliyepotezana naye njiani. Na mbwa hakuweza kurudi naye, kwa sababu mtu anayejificha hapiti na kitu kinachomfuata. Alichuchumaa mlangoni kwangu, akakata majani mabichi, akayasokota, akayaziba kwenye mdomo wa ile njuga mpaka ikanyamaza.

"Mama, ndani mwa hii njuga muko alama. Nilichoma mimi na musumari wa moto. Ata muke wangu hajaiona, muke wa mwindaji haangalii mule."

"Alama gani?"

"Nikikuambia itakuwa alama ya nini? Mutu akikuja kumuchukua, mi mwenyewe ao mutu niliyemutuma, atasema alama akiwa inje. Kisha toa majani, angalia. Ikiwa sawa, umupe. Ikiwa hapana, umupige."

"Na majani yakikauka?"

"Unaziba ingine. Mudomo wa njuga haukai wazi, mama. Wawindaji wote ni vile."

Kumbe kweli. Njuga zote kumi na nne zilikuwa na alama ndani, kila mtu yake, na majani yale hayakuwa ya kuzuia kelele tu, yalikuwa kufuli. Mzee yule hakumkumbatia mbwa wake, hawana hayo. Alimgusa pua kwa kidole kimoja, akaniangalia mimi.

"Huyu ndiye aliyebaki anayejua nyumba yangu," akasema. Akaenda.

Mimi nilimwambia, nenda na amani, kwangu hapotei kitu. Nilisema hivyo. Kinywa hiki.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ikaja Ramadhani. Nyuma ya ukuta wa lupango kuna msikiti wetu mdogo, wa udongo. Mjane mwenzangu alishikwa na malaria, akalala kwake wiki ya kwanza, ya pili, na majani kwenye zile njuga yakakauka yakadondoka. Hakuna aliyeziba mengine. Mimi kuwashika mbwa nikiwa na funga na udhu, sikutaka. Basi ikawa kila adhuhuri na kila alasiri, watu wanasujudu, na ng'ambo ya ukuta kok, kok, kok, kok. Mbwa mmoja akijikuna, wote wanajikuna. Wanaume wakaniletea maneno. Mmoja akaniambia hadharani, "Mama, sasa tunaswalishwa na imbwa?" Watu wakacheka. Na mimi kuchekwa sijazoea.

Nikamtumia mwenzangu mtu aje. Alikuja akitetemeka, kikwembe kimezungushwa kichwani, akakaa chini mlangoni kwa sababu miguu ilikataa.

"Toa njuga zote," nikamwambia.

"Yaya, tuzibe tu majani. Usizitoe."

"Majani kila siku, kwa mbwa kumi na wanne? Mimi nimekuwa mtumwa wa mbwa?"

"Yaya..."

"Kata."

Mimi ndiye mkubwa, lupango ni langu, na yeye alikuwa na homa. Akakata kamba moja moja. Akarudi kwake kulala. Nami nikabaki na njuga kumi na nne zilizokaa shingoni mwa mbwa, zina mate, zina jasho la mbwa. Ndani ya nyumba yangu haziingii. Kwenye stoo ya sufuria haziingii. Nikazichukua kwa kijiti, nikazitundika nje, ukutani, kwenye misumari karibu na mlango wa bati, juu ya benchi ambako watu wanakaa kusubiri moto. Nilizitundika vizuri, kwa mstari. Midomo wazi.

Sikukumbuka alama. Naapa. Nilikumbuka kelele tu.

Kwenye benchi lile akaja kukaa mtu mmoja, shati safi, mkanda wa ngozi, sauti ya kistaarabu. Alinisalimu kwa salamu kamili, akauliza habari ya funga. Alisema anasubiri moto ya Kabambare. Moto ya Kabambare ilipita siku ile na siku ya pili, yeye bado anasubiri, nami sikujiuliza kitu. Nilimpelekea hata maji ya kufuturu, na alipouliza njuga ipi ni ya nani nikamwambia. Siku ya tatu asubuhi akasimama, akagonga bati.

"Mama, samahani, nilitaka kwanza nikujue ndipo niseme. Mi ni mudogo wake ule mwindaji wa sikio la kovu. Kaka iko mugonjwa, miguu imevimba, amenituma nimuletee imbwa yake."

"Alama?"

"Muguu wa kuku, na doti mbili chini yake."

Niligeuza njuga ya mzee. Mguu wa kuku. Doti mbili, nukta za msumari.

Nilifurahi! Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Nilifurahi kwamba amana ya kwanza ya mbwa inarudi kwa mwenyewe, na mimi ndiye niliyeitunza. Nilimpa kamba yangu. Mbwa alikataa kutoka. Alikaa chini, akaweka matako kwenye mchanga, akatazama pembeni. Mimi, ambaye sikuwahi kumgusa mbwa hata mmoja, nilimsukuma na mguu.

"Enda kwenu wee!"

Nikaenda kuosha mguu mara saba. Njuga hakuichukua. Alisema ni nzito.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nauza ndizi chache sokoni ili ninunue pumba. Akaja kijana mmoja wa moto, namjua tangu yuko tumboni. Akazungukazunguka, akanunua ndizi ambayo hakuila.

"Bibi, ile imbwa nyekundu ya hospitali yako, mulimuuza?"

"Nani amekuambia nauza?"

"Nilimubeba mimi. Ndani ya gunia, kichwa tu inje. Ule bwana alinilipa mpaka Salamabila, kwenye mashimo ya zahabu." Akageuza ile ndizi mkononi. "Bibi, kule nyama haina jina."

Sikumwuliza tena. Nilikunja kikwembe changu, ndizi nikamwachia.

Mwenzangu alipona siku hizo hizo, akaja na fimbo, taratibu. Hakufika hata kwenye mlango. Alisimama mbele ya benchi, akatazama ule mstari wangu mzuri ukutani, akapiga viganja.

"Yaya. Umeanika vinywa vyao inje?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Si njuga moja. Zote. Kila aliyekaa kwenye benchi lile, na mji mzima unakaa pale, alikuwa ameinua macho akasoma. Alama za watu kumi na wanne zilikuwa sasa mali ya kila mtu mwenye shingo. Tuliziziba majani tena sisi wawili, yeye anaziba, mimi nachuma. Lakini unaziba nini baada ya maji kumwagika.

Mzee wa Wamaza alirudi wakati wengine wanapalilia. Sisi hatukuwa na cha kupalilia, mbegu tulishakula. Nilimwona kutoka mbali, nikamjua kwa sikio. Alikuwa peke yake. Sikuhitaji kuuliza habari ya mke wake. Mtu aliyempata mke hatembei vile. Alisimama nje ya mlango kama sheria yake inavyotaka, akavuta pumzi, akasema kwa sauti, kama mtoto wa shule:

"Muguu wa kuku. Doti mbili chini."

Nilifungua mlango. Nikampa njuga mkononi, kwa mkono wangu, sikutumia kijiti. Aliitoa majani, akaitikisa.

Mbwa wote wakaamka. Kumi na watatu. Wakaja mbio kwake, wakamzunguka, wanamnusa magoti, wengine wanaimba ile sauti yao ya mafua. Na yeye anatazama juu ya migongo yao, kule ndani kwenye kivuli cha ukuta, anasubiri yule mwingine, mvivu, atoke mwishoni. Akatikisa tena. Akangoja. Akatikisa tena.

"Mzee," nikasema, "nimempa mtu. Alijua alama."

"Alijuaje?"

Nikamwonyesha misumari ukutani.

Laiti angenipiga. Nilikuwa nimesimama tayari. Alitazama misumari, moja moja, mpaka ya mwisho. Akatazama mkono wangu.

"Wewe ni mutu wa mji," akasema.

Tu. Akanirudishia njuga.

"Chukua, baba," nikamwambia. "Ni yako."

"Bakia nayo. Mi sina tena shingo ya kuifunga."

Alishika njia ya kurudi. Mbwa wawili walimfuata mpaka kwenye kijito, ikabidi mwenzangu aende kuwarudisha. Sijui alipolala. Sijui kama yuko hai. Nimeuliza watu wa moto, wa Wamaza, wa Kabambare, wananiambia, Bibi, wazee wenye kovu ni wengi.

Tangu siku ile nikaweka sheria nyingine. Alama haitoshi. Simpi ndugu, simpi aliyetumwa, simpi mwenye barua yenye muhuri. Anayetaka mnyama wake aje kwa miguu yake mwenyewe, mnyama amjue mbele ya macho yangu. Kwa mbwa na kwa mbuzi pia.

Msifikiri ilisaidia. Mbuzi walishikwa na kuhara na makamasi, wakawa wanakufa wawili, watatu kwa wiki, nami nawazika, siwapi watu nyama ya ugonjwa, na watu wanapita wanaona nyama inaingia ardhini, wao wana njaa. Mbwa walikonda mpaka ukiwatazama kwa pembeni unahesabu mbavu za upande wa pili. Bata alikufa bila sababu. Nilikuwa nikiamka asubuhi naogopa kufungua mlango, sijui nitakuta nani amelala vibaya.

Siku moja akaja mwanamke na mtoto mgongoni. Alitaka mbwa wa mume wake, yule mwenye jicho jeupe. Mume aliuawa njiani. Alama aliisema: mistari minne. Ilikuwa sawa. Lakini wake za wawindaji hawaoni ndani ya njuga, mzee aliniambia hivyo, na kila mtu wa Kasongo alikuwa ameiona ile mistari minne ukutani kwangu. Mbwa alimnusa, akaenda zake kulala. Labda hawakupendana. Labda mbwa alimjua bwana tu. Mwanamke akaniambia mdogo wake ataingia na huyu mbwa porini, watapata panya wa kula, watoto watapona.

Nikamwambia: "Sifungui. Mwenye mnyama aje mwenyewe."

"Mama, nimekuambia amekufa."

Alikaa kwenye benchi langu kutoka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Kisha hakuwepo. Mpaka leo sijui nilimfukuza mwizi au nilimdhulumu mjane. Nimeomba nijulishwe. Sijajulishwa.

Baadaye mtoto mmoja wa mtaa wa pili aliumwa na mbwa wa kuzurura, si wangu, wangu hawatoki. Mtoto akaogopa maji, akafa. Mjukuu wangu wa kike ni muuguzi kwenye kituo cha afya, na hapo mniache nijisifu, maana mimi shule niliishia mwaka wa pili na yeye anasoma karatasi za daktari kwa Kifaransa bila kusimama. Alikuja kwangu na nguo zake nyeupe, hakukaa.

"Bibi, dawa ya kichaa cha imbwa hapa haiko. Si kidogo. Haiko."

"Wangu wazima."

"Leo." Akanishika mkono. "Ingekuwa ni mi, ningewaua wote. Nakuambia juu nakupenda."

Nilimwambia arudi kazini. Nilimwona mpaka alipopotea kwenye kona, amenyooka mgongo kama mimi zamani, na nilijua amesema kweli.

Kesho yake wakaja wote. Shefu mbele, wanaume wenye marungu nyuma yake, wanawake na mabeseni, maana mbuzi saba walikuwa bado wazima na mji ulijua idadi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mgongo kwenye bati, ufunguo ndani ya nguo.

"Mama," shefu akasema, na hakusema kwa ubaya, "umefanya kazi. Hakuna mutu atasema hukufanya. Lakini imekwisha. Imbwa tutawaua, juu ya watoto. Mbuzi tutagawa, kila nyumba kidogo, na nyumba za wageni kwanza. Fungua."

"Sifungui. Mwenye mnyama aje mwenyewe."

"Wenyewe ni nani? Wengine walishakwenda mbali. Wengine walikufa, unajua. Uko unachungia maiti."

"Sifungui. Mwenye mnyama aje mwenyewe."

Mwanaume mmoja nyuma akapaza sauti: "Mbona ule wa mkanda wa ngozi ulimufungulia?"

Wengine wakacheka, kisha wakaacha. Nilitazama chini. Ile njuga ya mguu wa kuku ilikuwa kwenye mapaja yangu, nilikuwa nimeiziba majani mapya asubuhi, sijui kwa nini, ni mazoea tu ya mkono.

Ndipo watu wakapisha na mwenzangu akatoka katikati yao. Alikuwa na beseni. Nilidhani amekuja kukaa karibu nami kwenye benchi, nikasogea, nikampa nafasi. Hakukaa. Wajukuu wake wawili walikuwa wamevimba miguu kwa njaa wiki ile, mimi mwenyewe niliwabonyeza nikaona shimo la kidole linabaki. Yeye ndiye aliyewatoa mbwa wale funza, mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyeniambia tuzibe majani tu.

"Yaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwa ajili yangu peke yangu, "sikukuomba kitu tangu tujuane. Ata mimi nasema fungua. Mbuzi mmoja tu. Kwangu."

Kama ningemfungulia mtu mmoja duniani ingekuwa ni yeye. Nilitazama beseni lake, nikamtazama uso. Nyuma ya bati mbwa mmoja alikuwa amesikia sauti yake, anakwaruza, anaimba ile sauti yao.

"Sifungui," nikamwambia. "Mwenye mnyama aje mwenyewe."

"Yaya, ni mimi."

"Sifungui. Mwenye mnyama aje mwenyewe."